Halmashauri Haina Kiti, Lakini Uamuzi Wake Unafika: Nafasi ya Miji na Wilaya katika Sheria ya Kimataifa

Mada iliyotolewa mbele ya Baraza la Madiwani, wakuu wa idara na vitengo, na watendaji wa kata. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wote.



Zinapotajwa sheria za kimataifa, fikra za wengi huenda mbali: New York, Geneva, The Hague, au karibu kidogo, Arusha, yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ni mara chache mtu hufikiria ofisi ya ardhi ya wilaya, dampo la manispaa au daftari la vizazi katika ofisi ya kata. Hata hivyo, nyingi kati ya ahadi ambazo mataifa hupeana kwa saini na mihuri hutimizwa au huvunjwa katika ofisi hizo hizo.

Hoja ya mada hii ni moja. Mji au wilaya haina kiti katika meza ya mataifa, lakini uamuzi wake huhesabiwa kuwa uamuzi wa nchi nzima, na gharama ya uamuzi huo hubebwa na nchi nzima. Kwa hiyo utaratibu mzuri ndani ya halmashauri si urasimu mtupu. Ni ulinzi wa nchi.

Miji iliyokuwa na sauti yake

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Upwa wa Afrika Mashariki unalijua jambo hili kwa historia yake wenyewe. Kilwa, ambayo msafiri Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, ilifua sarafu zake na kufanya biashara ya dhahabu iliyotoka bara la kusini. Malindi ilipeleka twiga kuwa zawadi kwa mfalme wa China mwaka 1415, na mwaka 1498 ilimpokea Vasco da Gama kwa hiari yake, wakati Mombasa ilikuwa na msimamo mwingine. Hiyo ilikuwa miji, lakini iliamua mambo ya vita, amani na biashara kama dola.

Ulaya nayo ilikuwa na miji ya namna hiyo, na mfano wa Hamburg unagusa moja kwa moja historia ya pwani. Mwaka 1859 miji mitatu ya Kijerumani, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck, ilifunga mkataba wa urafiki na biashara na Zanzibar, enzi ya Sultan Majid. Miji ilikaa meza moja na Sultani, na saini zao zilikuwa na nguvu ya sheria baina ya mataifa. Mwaka 2010 Hamburg hiyo hiyo iliingia katika uhusiano wa miji rafiki na Dar es Salaam. Safari hii makubaliano hayakuwa mkataba wa kimataifa. Yalikuwa ushirikiano wa halmashauri mbili, kila moja ikiwa chini ya sheria za nchi yake.

Kilichobadilika kati ya 1859 na 2010 ni kwamba dola za kitaifa zilichukua sauti yote ya nje. Hamburg iliingia katika dola ya Ujerumani mwaka 1871. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 ulitaja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Mji mkubwa unaweza kuwa na tatu za kwanza, lakini huikosa ya nne. Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 nayo ilifungua uanachama kwa mataifa pekee.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inafuata mpango huo. Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ibara za 145 na 146 zinaanzisha serikali za mitaa na kutamka kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ukiziweka ibara hizo pamoja, maana yake ni rahisi: ahadi hutolewa Dodoma, utekelezaji hushuka hadi kata na kijiji.

Mwenye nyumba ndiye anayedaiwa

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba unasema, katika Ibara ya 27, kwamba nchi haiwezi kujitetea kwa kutaja sheria zake za ndani pale inaposhindwa kutimiza mkataba. Ibara ya 29 inaongeza kuwa, isipokuwa imekubaliwa vinginevyo, mkataba unaibana nchi katika eneo lake lote. Mwaka 2001 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ilikamilisha kanuni za wajibu wa nchi. Kanuni ya nne inaeleza kuwa kitendo cha chombo chochote cha dola ni kitendo cha dola, kiwe chombo cha serikali kuu au cha eneo lililo ndani ya nchi.

Jambo hili linafanana na maisha ya nyumbani. Mgeni aliyeahidiwa mlango wazi akaukuta umefungwa, hamwulizi mtoto aliyeufunga. Humwendea mwenye nyumba. Naye mwenye nyumba hawezi kujibu kwamba hakuwa na habari.

Guadalcázar: kibali kilichofika mbele ya wasuluhishi

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Meksiko. Guadalcázar ni manispaa ya vijijini katika jimbo la San Luis Potosí. Katika sehemu iitwayo La Pedrera palikuwa na takribani tani 20,000 za taka hatarishi zilizorundikwa bila kushughulikiwa ipasavyo. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani iitwayo Metalclad ilinunua mradi wa kujenga dampo la taka hatarishi mahali hapo. Serikali kuu ya Meksiko ilitoa vibali vyake, jimbo nalo likatoa cha kwake, na kampuni ikaelezwa na maofisa wa serikali kuu kwamba hakuna kizuizi kilichobaki.

Wananchi wa Guadalcázar hawakuutaka mradi. Walikuwa wameonja madhara ya taka zilizokwisha kuwapo, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Mwaka 1994 manispaa ilisimamisha ujenzi kwa sababu kampuni haikuwa na kibali cha ujenzi cha manispaa. Kampuni ikaomba kibali hicho. Jibu lilikuja Desemba 1995, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, likiwa ni la kukataa. Kikao kilichokataa kilifanyika bila kampuni kupewa taarifa wala nafasi ya kujieleza. Mwaka 1997 gavana wa jimbo alitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya mimea adimu ya mpungate, na dampo halikuwahi kufunguliwa.

Kampuni haikuishtaki manispaa. Iliishtaki Meksiko, chini ya Mkataba wa Biashara Huria wa Amerika ya Kaskazini. Tarehe 30 Agosti 2000 wasuluhishi waliamua kuwa mwekezaji hakutendewa kwa haki na kwamba mali yake ilikuwa kama imetwaliwa bila fidia. Meksiko iliamriwa kulipa dola za Marekani 16,685,000. Mahakama moja ya Canada, ambako usuluhishi uliwekewa makao, iliondoa baadaye sehemu ya sababu za uamuzi huo, lakini wajibu wa kulipa fidia ulibaki.

Waheshimiwa Madiwani, kisa hiki kina pande mbili na zote zinastahili kutazamwa. Upande mmoja ni wa wananchi ambao vibali vya serikali kuu vilitolewa juu ya vichwa vyao, na ambao katika usuluhishi hawakuwa wadai wala wadaiwa. Upande wa pili ni wa utaratibu. Wasuluhishi hawakusema kwamba manispaa haina haki ya kukataa. Walichokilaumu ni ukosefu wa utaratibu ulio wazi, taarifa isiyotolewa, na sababu zilizovuka mipaka ya kibali cha ujenzi. Hoja ya wananchi iliyokuwa na uzito ilipotezwa na njia iliyotumika kuitetea.

Maji ya Dar es Salaam

Tanzania nayo ina fundisho lake. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa huduma ya maji Dar es Salaam. Huduma haikufikia matarajio, na mwaka 2005 mkataba ulivunjwa. Mbia wa kigeni, Biwater Gauff, alifungua shauri katika Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, akitumia mkataba wa uwekezaji wa mwaka 1994 kati ya Tanzania na Uingereza.

Uamuzi wa Julai 2008 ulikuwa na sehemu mbili. Wasuluhishi waliona kwamba Tanzania ilivunja mkataba huo wa uwekezaji, hasa kwa namna mambo yalivyotendwa: matamko ya hadharani kabla ya utaratibu kumalizika, kutwaliwa kwa ofisi na mitambo, na kuondoshwa nchini kwa viongozi wa kampuni. Lakini hawakuamuru fidia hata kidogo, kwa kuwa hasara ya kampuni haikusababishwa na vitendo hivyo. Biashara yake ilikuwa imekwisha kuporomoka.

Nchi haikulipa fidia, lakini shauri lilichukua miaka, na nchi ilitiwa doa katika jambo ambalo madai yake ya msingi yalikuwa na nguvu. Kuwa na sababu ya kuvunja mkataba ni jambo moja. Kuuvunja kwa hatua zilizoandikwa ni jambo jingine, na katika sheria ya kimataifa yote mawili hupimwa.

Daraja la Dresden na magofu ya Kilwa

Si fedha peke yake inayoweza kupotea. Mkataba wa mwaka 1972 unaolinda Urithi wa Dunia hutiwa saini na mataifa, lakini kila jiwe la urithi huo limo ndani ya mipaka ya mji au wilaya fulani.

Bonde la mto Elbe katika jiji la Dresden, Ujerumani, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Februari 2005 wakazi wa jiji walipiga kura kuhusu daraja jipya la kupunguza msongamano wa magari, na zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walilikubali. Daraja lingekatiza mandhari ya bonde. Kamati ya Urithi wa Dunia ilitoa onyo mwaka 2006. Baraza la jiji likajaribu kusitisha ujenzi, lakini mamlaka ya jimbo ikaamuru kura ya wananchi iheshimiwe, na mwaka 2007 mahakama hazikuzuia. Mwaka 2009 bonde likafutwa katika orodha. Daraja lilifunguliwa mwaka 2013 na linatumika hadi leo. Liverpool ya Uingereza nayo ilifutwa mwaka 2021, baada ya ujenzi uliopata vibali vya jiji katika eneo la bandari ya zamani.

Katika pwani ya Tanzania mambo yalikwenda kinyume na hayo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikibomoka na mawimbi yakila ufuko. Ukarabati ukafanyika, usimamizi ukaimarishwa na wanavijiji wakashirikishwa. Mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha ya hatari. Wakazi wa Dresden walichagua daraja, na ni haki yao. Fundisho ni kwamba swali la urithi liliwafikia baada ya ratiba ya ujenzi, wakati lilipaswa kuja kwanza.

Mikataba ndani ya huduma za kila siku

Mengi ya mikataba hayahusu wawekezaji wala magofu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Ibara ya 7 inataka mtoto asajiliwe mara baada ya kuzaliwa na awe na jina. Ahadi hiyo iliyotolewa mbele ya mataifa hutimizwa na muuguzi wa zahanati na mtendaji wa kata, hasa katika mikoa ambako usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano umesogezwa kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata. Mama anapoambiwa arudi kesho kwa kuwa fomu hazipo, ahadi ya Tanzania imechelewa kwa siku moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa matundu ya vyoo shuleni, njia za kupitia watu wenye ulemavu, na taka zinazoishia mtoni. Bajeti ya halmashauri, ikisomwa kwa makini, ni hati ya utekelezaji wa mikataba ya kimataifa, ingawa hakuna ukurasa wake unaosema hivyo.

Meza ambazo miji imejitengenezea

Kwa kuwa miji hutekeleza, imekuwa ikidai kusikilizwa. Mwaka 1913, katika mji wa Ghent, Ubelgiji, ulianzishwa umoja wa kwanza wa kimataifa wa serikali za mitaa. Mrithi wake, Muungano wa Miji na Serikali za Mitaa Duniani, ulianzishwa mwaka 2004 na makao yake yako Barcelona. Mwaka uliofuata meya wa London, Ken Livingstone, aliitisha mkutano wa majiji makubwa kuhusu tabianchi, na humo ukazaliwa mtandao wa C40, ambao Dar es Salaam na Nairobi zimo.

Wakati mwingine mji umekwenda mbele ya taifa lake. Marekani haijaridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, lakini mwaka 1998 jiji la San Francisco lilitunga sheria yake ndogo yenye misingi ya mkataba huo. Juni 2017 Rais Donald Trump alipotangaza kuiondoa Marekani katika Makubaliano ya Paris, alisema alichaguliwa na watu wa Pittsburgh, si wa Paris. Meya wa Pittsburgh, Bill Peduto, alijibu kuwa jiji lake litaendelea kuyafuata makubaliano hayo.

Umoja wa Mataifa umefungua mlango kwa kiasi. Ajenda 21 ya Rio de Janeiro, mwaka 1992, ilitenga sura ya 28 kwa ajili ya serikali za mitaa. Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu linahusu miji. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, ambalo liliongozwa na Mtanzania Anna Tibaijuka hadi mwaka 2010, lina kamati ya ushauri ya serikali za mitaa. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mjini Malabo, mwaka 2014, Mkataba wa Afrika kuhusu misingi ya ugatuaji na utawala wa mitaa, ulioanza kutumika mwaka 2019.

Lakini mlango huo ni wa ushauri. Kura bado ni ya mataifa. Mji unaweza kueleza, kuonya na kuonesha mfano, na mwishoni wanaoamua ni wajumbe wa serikali. Kwa wilaya ya Tanzania, njia ya kweli ya kufikisha sauti ni kupitia wabunge wake, Wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa, na Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1984.

Uhusiano wa miji rafiki nao una faida zake, kama unavyoonekana kati ya Mwanza na Würzburg tangu 1966, Mwanza na Tampere tangu 1988, na Moshi na Tübingen tangu 2014. Huleta ujuzi, vifaa na urafiki wa kudumu. Haupaswi kuchukuliwa kuwa mkataba wa nchi kwa nchi, wala kuandikwa kana kwamba ni hivyo.

Mambo ya kuzingatiwa na Halmashauri

Kutokana na yaliyoelezwa, Waheshimiwa Madiwani na Ndugu Watendaji, mambo matano yanafaa kuwekwa katika mwenendo wa kazi.

Kwanza, wananchi wasikilizwe mapema. Mkutano wa kijiji ufanyike kabla vibali havijaanza kutolewa, na maoni yake yafikishwe ngazi za juu kwa maandishi. Pingamizi linalokuja mwanzoni ni ushauri. Likija baada ya mwekezaji kuweka fedha, linakuwa shauri.

Pili, kila uamuzi wa kukataa, kusitisha au kufuta kibali utanguliwe na taarifa kwa mhusika na nafasi ya kujieleza. Haki hiyo ni ya mwenye kibanda sokoni na ya kampuni ya kigeni kwa kipimo kile kile.

Tatu, sababu ziandikwe katika muhtasari wa kikao, na zitokane na sheria inayoipa kamati mamlaka juu ya jambo hilo. Muhtasari wa mistari mitatu hauwezi kuitetea nchi mbele ya wasuluhishi.

Nne, Mwanasheria wa Halmashauri ashirikishwe kabla ya uamuzi, si baada ya kupokea notisi ya madai. Yeye ndiye njia ya kuifikia Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Tano, makubaliano yoyote na mji au taasisi ya nje yapitie Wizara husika, na yaseme wazi nani atafanya nini, kwa fedha zipi na kwa muda gani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloinyima halmashauri uwezo wa kusema hapana. Dampo baya likataliwe, mkataba usio na tija uvunjwe, na ardhi ya wanakijiji ilindwe. Hapana iliyotamkwa kwa utaratibu husimama popote itakapopelekwa, na humlinda mwananchi aliyeiomba pamoja na hazina ya nchi.

Halmashauri haitaitwa New York wala The Hague. Faili lake linaweza kuitwa. Linapofunguliwa huko, lionekane kuwa limetunzwa na watu waliojua kwamba wanaandika kwa niaba ya taifa.